Seva Iliyojizima Yenyewe

Pale maabara ya vipimo walimwita Fundi Seva. Miaka yote masasisho ya seva aliyaweka mwenyewe, kwa mkono, wagonjwa wakishaondoka. Kisha uvivu ukamwingia. Akairuhusu mashine ijisasishe yenyewe, wala hakujisumbua kuichagulia saa.

Asubuhi moja, watu wamejaa hadi getini, seva ikapokea masasisho yake na kujizima ili iwake upya. Majibu ya vipimo yakagoma kutoka. Bosi akaja juu, na ndani ya chumba cha seva akamkuta mama wa usafi na dekio lake.

"Labda nimegusa waya," mama akasema. "Nisameheni."

Fundi, aliyeingia na bosi, alijua fika kwamba hakuna waya ulioguswa. Akafungua mdomo, akamwona bosi alivyovimba, akameza aliyotaka kusema.

"Msamehe, bosi," akasema, kama mtu mwema. "Ni bahati mbaya tu."

Siku hiyohiyo alirudia utaratibu wa kuweka masasisho kwa mkono, na seva haijasumbua tena. Kinachomsumbua ni yule mama. Siku hizi hubisha hodi hata chumba kikiwa hakina mtu, huvua viatu mlangoni, hudeki kwa kunyata.

Jana alimkuta Fundi ameinamia kibodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nakuombea kila siku, ujue. Bila wewe kunitetea, ningefukuzwa."

"Usijali, mama," Fundi akasema, akainua miguu dekio lipite.