Sarafu ya Tembo Badala ya Ng'ombe

Nakiri mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani zangu wa mtaa wa Iringo, maana wao wameshaitia chumvi mpaka hailiki: ni kweli nilipeleka sarafu feki kwenye mahari, ni kweli ilikuwa na karatasi yake niliyoilaminisha kwa mashine yangu mwenyewe, na ni kweli ilikaguliwa mbele ya maturubai mawili yaliyojaa wazee, kina mama, katekista na mpiga picha wa video. Kilichoongezwa ni kwamba nililia. Sikulia, lilikuwa vumbi la ng'ombe.

Mimi nina steshenari hapa Musoma, natoa kopi, naprinti barua za kuombea kazi, napiga picha za pasipoti, na wateja wakipungua nafungua tovuti za minada ya sarafu za zamani, maana huo ndio ugonjwa wangu. Nina hela za Mjerumani zenye tundu katikati, nina senti za Mwingereza, nina shilingi zetu za mwanzo kwenye makopo ya kahawa, na mke wangu anasema nikifa atanizika nazo ili nyumba ipumue. Ila kuna moja niliyokuwa naiota kwa miaka: ile ya dhahabu yenye tembo, iliyopigwa Tabora wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walipoishiwa sarafu wakajitengenezea kwenye karakana ya reli. Tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake milima. Siku nilipoikuta mnadani kwa bei ambayo hata mtoa kopi anaifikia, nilipaswa kujiuliza imekuwaje. Wapi! Nilibonyeza tu.

Ilipofika posta niliifungua palepale dirishani, na jamani, sijui niwaelezeje. Tembo mzima, na mikunjo ya ngozi yake, na pembe zake, ndani ya kitu kinachotosha kufichwa chini ya ulimi. Nikawaza mikono iliyoshika hiyo sarafu, askari na wapagazi waliotembea nayo mwituni wakiwa na njaa, mwili ukanisisimka, nikasahau kuwa nyuma yangu kuna foleni. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Baba, umepata msiba?"

(Hapa ndipo aibu yenyewe inapoanzia, kwa hiyo nasema haraka.) Niliihisi nyepesi. Nikajiambia mkono wangu umezoea kubeba marimu ya karatasi. Halafu niliporudi dukani kuprinti maelezo ya muuzaji yakatoka kurasa mbili: wa kwanza una picha kubwa na maneno makubwa, dhahabu, Tabora, adimu sana, na wa pili, chini kabisa, kwa maandishi ya kumwumiza mtu macho, umeandikwa kwamba madini hayajapimwa na bidhaa inauzwa kama ilivyo. Wa kwanza niliulaminisha. Wa pili niliutumia mgongoni kuandikia oda ya wino.

Sasa nije kwa Magesa. Magesa ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na tangu kaka afariki mimi, baba yake mdogo, ndiye mzazi wake kwa kila kikao. Alimpata binti wa Butiama, Nyangeta, na tukakubaliana na wazee wake ng'ombe kumi na wawili, wote kutoka boma letu la kijijini Mugeta. Siku tatu kabla ya kuwapeleka, binamu yangu Marwa anayewachunga akanipigia simu: mmoja amelala chini, hali chakula, daktari wa mifugo anasema asisafirishwe. Kununua mwingine kwa haraka ile sikuweza, kwa sababu akiba ya dharura ilikuwa imeshaondoka na tembo. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya kopi: si ninayo dhahabu? Dhahabu haizidi ng'ombe? Sikumwambia mtu, hata Magesa, nilitaka iwe mshangao. Na ikawa.

Sijui kama mmewahi kuona familia ile ya Butiama ikikagua ng'ombe. Mimi nilikuwa sijaona, na nilibaki mdomo wazi. Fuso iliyowabeba ilipofika, babu yake Nyangeta, Mzee Wambura, akasimama kwa fimbo yake, na vijana wakaanza kushusha mmojammoja, na kila mmoja akishuka Marwa anasema kwanza kasoro yake kwa sauti. "Huyu pembe ya kushoto ilivunjikaga akipigana." "Huyu anapigaga teke anayemkamua." "Huyu ni mzee kidogo lakini anazaa." Wanacheka, wanamshika meno, wanamtembeza, wanamkubali. Ng'ombe kumi na mmoja, kasoro kumi na moja zikasemwa, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Mimi nikadhani ni mbwembwe za wachungaji. Niliona uzuri wake, maana yake ikanipita.

"Bado mmoja," akasema Mzee Wambura.

Nikasimama. Nilikuwa na suti, mnielewe. Nikatoa hotuba (niliifanyia mazoezi mbele ya kioo) kwamba sisi ukoo wetu tumeona haitoshi binti huyu kuthaminiwa kwa ng'ombe peke yao, na kwamba wa kumi na mbili ni mnyama mkubwa kuliko wote, tembo, tembo wa dhahabu ya Tabora, na hapo nikainyanyua juu jua likaipiga, na kina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Nilimtazama Magesa. Alikuwa ameduwaa. Nikasema moyoni, kaka, unaona huko uliko?

Mzee Wambura akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, na uso wake ukalainika kama wa mtu anayetazama mjukuu. "Kizuri sana, mkwe," akasema. "Na kasoro yake?"

"Haina kasoro, mzee."

Watu wote wakageuka kunitazama, nami nikafikiri ni heshima.

"Kitu kisicho na kasoro hatujawahi kuletewa hapa," akasema mzee, bila ubaya wowote, kwa mshangao tu. "Masatu, hebu njoo uone na wewe."

Masatu ni mjomba wa Nyangeta, ananunua dhahabu kule Kiabakari kwa wachimbaji wadogo, na mizani yake haimtoki mfukoni, jambo ambalo hakuna aliyenidokeza. Wakati anakuja, nikampa shangazi wa binti, Mwalimu Tabu, ile karatasi iliyolaminishwa ili asome kwa sauti. Akasoma kwa Kiingereza, akatafsiri, vigelegele tena. Halafu akashusha miwani. "Samahani mkwe, hapa chini pameandikwa ukurasa wa kwanza kati ya miwili. Wa pili uko wapi?"

"Nimeusahau dukani, mwalimu."

Ule ulikuwa uongo wa kwanza siku ile nilioutamka nikijua kabisa ni uongo.

Masatu aliomba kikombe cha maji na uzi. Akapima sarafu kavu, akakariri namba midomoni, kisha akaweka kikombe juu ya mizani, akaifunga sarafu uzi, akaizamisha ikaning'inia katikati ya maji bila kugusa chini, akasoma namba mpya. Watoto wakasogea, wazee wakasogea, mpiga video akasogea na taa yake. Mimi nawaambia, pamoja na hofu niliyokuwa nayo, nilishangaa kuliko nilivyowahi kushangaa maishani: mtu asiye na cheti chochote ukutani anauliza swali kwa kikombe cha maji, na maji yanamjibu. Miaka yote ninayokusanya sarafu sikuwa nimejua kwamba jibu linakaa jikoni kwangu.

"Dhahabu ni nzito, inasukumaga maji kidogo," akasema Masatu, akiwaeleza watoto zaidi kuliko mimi. "Hii imesukuma mengi kuliko dhahabu ya uzito huu." Akatoa tupa ndogo, akamwangalia mzee, mzee akakubali kwa kichwa, Masatu akakwangua ukingoni mara mbili. Chini ya njano kukawa na wekundu. "Shaba. Imepakwa tu."

Hakuna aliyecheka, na mngejua nilivyotamani wacheke. Mama mmoja alikuwa ameshafungua mdomo kupiga kigelegele cha tatu akaufunga polepole. Magesa aliinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokiweka mezani: haikuwa sarafu yangu wala suti yangu, alikuwa mtoto wa kaka yangu na mke anayempenda, na mzee yule akisema neno moja tu, Fuso inapakia ng'ombe wote inageuza.

Mzee Wambura akanirudishia sarafu mkononi. "Mkwe, hatujamaliza. Tuambie tena umeleta nini. Safari hii sema kama anavyosemaga mwenzio wa ng'ombe."

Nikasimama mara ya pili, na hotuba yote imenitoka kichwani. Nikasema: nimeleta kipande cha shaba kilichopakwa rangi ya dhahabu. Nilikinunua mtandaoni kwa mtu nisiyemjua. Nilikiona chepesi tangu siku ya kwanza. Ukurasa wa pili sikuusahau, niliuficha, umeandikwa kwamba hakijapimwa. Ng'ombe wa kumi na mbili yupo Mugeta, ni mgonjwa, niliogopa kusema. Magesa hakujua lolote. Nikaona niketi, kisha nikakumbuka, nikaongeza: tembo wake lakini amechorwa vizuri.

Hapo ndipo wakacheka, mzee kwanza, kicheko cha kutoka tumboni, na Masatu akanipiga bega nikayumba.

"Ng'ombe wanaumwaga, mkwe," Mzee Wambura akasema alipopata pumzi. "Nani hajui? Ungesema anaumwa, tungekuambia tulia, akipona mlete. Sisi tungekusubiri mwaka mzima." Akawageukia watu wake. "Kumi na mmoja wamepokelewa. Wa kumi na mbili tumeambiwa kasoro yake na mwenyewe, tunamsubiri. Binti ni wao."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, kutozwa faini, hata kutemewa mate. Kusamehewa vile, kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu mtu anaagiza chakula kiletwe, kwa hilo sikuwa na maandalizi. Nikakaa kwenye kiti ambacho hakikuwa changu. Watu walikula, nami nikala, na hadi leo nikikumbuka uso wa mzee yule nahisi mimi ni mdogo, lakini mdogo wa kupendeza, kama unapoinua macho usiku ukaona nyota zilivyo nyingi.

Niliporudi Musoma nilimwandikia muuzaji kwa hasira (hasira ya mtu aliyekosa pa kuipeleka), nikidai kaeleza bidhaa kwa uongo. Akajibu kwa adabu kwamba sarafu iliyokwanguliwa hairudishwi, na kwamba maelezo yote nilipewa. Nikaanza kuandika jibu refu: wewe umeandika uzuri kwa herufi kubwa, ubaya ukaufinya chini mtu asiuone. Nikaisoma hiyo sentensi mara mbili, kisha nikaifuta, maana haikumhusu muuzaji peke yake.

Lakini lililonimaliza hasa ni la Magesa. Jioni ile ya mahari, tunarudi kwenye gari, nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Baba mdogo, mimi nilishamwambia Nyangeta kasoro zangu zote kabla hajanikubali. Hata deni la chuo, hata kwamba nakoroma, hata ule mwaka niliokuwa nakunywa. Nilidhani wakubwa ndiyo mnafanyaga hivyo, ndiyo maana nikafanya."

Nilitazama nje ya dirisha mpaka taa za Musoma zikaonekana, nikaapa kimoyomoyo, na kiapo bado nakishika: sitanyanyua tena kitu juu mbele za watu kabla sijasema ubovu wake, hata kiwe kizuri namna gani, hasa kikiwa kizuri. Sarafu zangu za ziada, zile ninazouza mtandaoni, siku hizi naziandika kwa kuanzia na mikwaruzo. Wateja wamepungua, siwadanganyi.