Vitunguu Saumu vya Sikukuu ya Mavuno

Namshukuru Mungu aliyenivumilia ujanani.

Miaka ya hamsini, nikiwa nimeolewa karibuni Iringa, mama mkwe alinikabidhi kazi ya kuvuna vitunguu saumu vyake vya mbegu na vya sadaka. Niliving'oa kwa wakati wake, majani ya chini yamekauka, ya juu bado mabichi. Ila niliona aibu kupeleka matope kanisani siku ya sadaka ya mavuno, nikaviosha vyote mtoni.

“Mwanangu, umevibatiza!” mama mkwe akacheka. “Hivi hukaushwa vikiwa na udongo wake. Vikioza, tutapanda nini?”

Tukavitandaza kivulini penye upepo, nikavigeuza kila siku kwa majuma matatu. Vichache vilioza. Vilivyobaki vilitosha sadaka na mbegu.

Nawe usomaye, Mungu aijaze ghala yako.