Nilitafuta sedum fupi za bustani ya mawe, nusura mke wangu apoteze macho

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Kalemie, mji wa kando ya ziwa, upande wa mlimani. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Mvua ilikuwa inashusha udongo mpaka mlangoni, nikapanga mawe makubwa pale mbele na kujaza mchanga katikati. Nikasema hapa naweka bustani ya mawe.

Mama mkwe alipoiona akaniambia, "Papa Riziki, usipande kitu kirefu hapo. Nyoka atalala humo."

Basi hofu ya nyoka ikaniingia. Kila jiwe nilikuwa naligonga kwanza na fimbo.

Nikaingia online kutafuta mimea mifupi, ndipo nikaijua sedum. Majani manene yenye maji, inatambaa juu ya jiwe, jua inavumilia. Rafiki yangu wa Kirungu, kule kwenye baridi, akanitumia kopo moja la sedum. Nikakata vipande, nikachomeka mchangani, vikashika. Lakini vilifunika jiwe moja tu, na mimi subira sina.

Sokoni kuna papa mmoja anauza miche. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaangalia, akasema, "Njo hii," yaani ndiyo hii yenyewe.

Kweli ilikuwa fupi, nene, inatambaa. Nikabeba mfuko mzima.

(Mtaniuliza kwa nini sikukagua. Nilikagua, wakuu. Urefu tu.)

Sasa, mke wangu Mama Riziki ni mshonaji. Nguo za harusi za mtaa wetu zinapita kwenye mashini yake. Akaja kunisaidia kupanda, anakata vipande na mkasi, vinatoa maziwa meupe. Niliyaona yale maziwa, nikadhani ni kawaida. Jasho likamshuka, akajifuta uso na kiganja.

Mwanzoni hakuna kitu. Baadaye akasema macho yanamuunguza. Tukamnawisha, ikazidi. La kulia likavimba likafunga kabisa, la kushoto likawa linamwaga machozi. Akanishika shati, akasema polepole, "Papa Riziki, sikuoni."

Nikakimbia barabarani kutafuta pikipiki.

Tukapanda pikipiki mpaka hospitali. Muganga akamuosha macho na maji mengi sana, akauliza ni mumea gani. Nilikuwa na kipande mfukoni. Akasema maziwa ya namna hii yanachoma jicho, kuna watu hawaoni tena. Akatia dawa, akamfunga bandeji, akasema tusubiri.

Kusubiri kule simwombei hata adui. Mashini kimya. Mama Riziki anakaa kitandani anapapasa kitambaa cha bibi harusi wa mtu, anatafuta pindo kwa vidole. Nilikuwa natoka nje kulia, nikirudi anajua.

Siku ya kufungua bandeji alikodoa macho kwenye kifua changu, siyo usoni. Nikajua tumekwisha.

Halafu akasema, "Vifungo vya shati umefunga vibaya. Kimoja kimebaki juu."

Nilikaa chini pale pale, mbele ya muganga, nikalia.

Kwa hiyo wakuu, kabla ya kununua, vaa glavu, vunja kijiti kimoja. Sedum inatoa maji safi. Ukiona maziwa, rudisha na uondoke. Picha ya simu haionyeshi kilicho ndani. Mimi nimerudi kwenye kopo la Kirungu, nitangoja lijae taratibu.

Sasa naomba msaada. Ile mimea ya maziwa nimeing'oa yote, iko kwenye mfuko nyuma ya nyumba. Kuichoma naogopa moshi. Kuizika naogopa itaota. Kuitupa ziwani siwezi, wavuvi hapa wanasema maziwa kama hayo yanaua samaki. Aliyewahi kuitupa aniambie alifanyaje, tena msichelewe.

Mfuko niliufunga na kamba mimi mwenyewe, na leo asubuhi nimekuta fundo limefunguliwa. Nimemkagua macho na mikono mtoto wetu Riziki, anasema siyo yeye.