Kabati la Ghalani

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipojaa kila kona, ghala moja la ushirika kule Nyakato lilifungwa, na vitu vyake vikauzwa vyote kwa siku moja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimehamia Kiseke kwenye nyumba yangu ya kwanza, sina hata pa kuweka sahani. Nikanunua kabati. Lilikuwa refu kunizidi, la milango miwili, limepakwa rangi ya kijivu tabaka juu ya tabaka.

Nikamwita baba, fundi seremala mstaafu. Alilizunguka, akaligonga ubavuni, kisha akakwangua kwa patasi karibu na bawaba. Akalamba kidole gumba, akasugua pale ili rangi ya mti ijitokeze, akalamba tena.

"Mninga," alisema. "Na aliyelitengeneza hakutumia msumari hata mmoja. Mama, hapa umeokota."

Ndani tulikuta mijusi wawili waliokauka na mende wengi chali.

"Limefungwa muda mrefu," baba alisema, akawafagia kwa kiganja.

Alifanya kazi uani, asubuhi mpaka jioni. Jua likipanda, kabati lilitoa harufu kali yenye utamu kidogo, ambayo sikuweza kuilinganisha na kitu. Vumbi la msasa lilimkaa kwenye kope na masharubu. Kila alipotaka kuona mti ulivyo, alilamba kidole. Jioni kichwa kilimuuma, akalaumu jua.

Siku ya tatu, kuku wangu aliyekuwa akichakura kwenye maranda alilala chini, mbawa zimetanuka. Kesho yake wakafa wengine wawili.

"Mdondo," baba alisema, nami nikaamini. Nilikuwa nimeshapanga Jumapili kuweka sahani zangu.

Siku ya tano nilirudi kutoka shule saa nane mchana, nikamkuta ameketi chini, ameegemea kabati, msasa bado mkononi. Shati limelowa chapachapa. Mate yalimtoka bila yeye kujua, na misuli ya mikono ilikuwa ikirukaruka.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Baadaye kidogo akauliza, "Mama, mbona kumekuwa giza?"

Jua lilikuwa kali mno.

Hospitalini daktari alimfunua macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya kalamu.

"Mzee analima pamba?"

"Hapana, ni seremala."

"Lakini dawa ya wadudu wa pamba imemwingia mwilini. Ameitoa wapi?"

Nilirudi nyumbani nikaliangalia lile kabati kwa mbali kwanza. Kisha nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikachomoa ubao wa chini kabisa, ambao baba hakuwa ameufikia, nikaugeuza. Kulikuwa na miviringo ya chupa zilizovuja, moja juu ya nyingine, miaka na miaka. Katikati pamechorwa kwa rangi nyekundu fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana.

Baba alipoweza kuzungumza nilimweleza. Alitazama ukuta.

"Mti ni mninga," alisema mwishowe. "Hapo sikukosea."

Alipona, lakini mikono yake haikuacha kutetemeka, na hakushika randa tena.

Daktari alikuwa ameonya tusilichome, maana hata moshi wake ungedhuru watu. Nikatafuta wachimbaji wa shimo, wakaahidi kuanza jioni. Tulilisogeza nao hadi nje ya ua, nikaandika SUMU kwa mkaa kwenye milango yote miwili, kisha nikampelekea baba uji hospitalini. Niliporudi, kabati halikuwepo. Upande aliokwisha kuusugua ulikuwa umeanza kung'aa wekundu mzuri, na mkaa hufutika kwa kitambaa kibichi.

Niliuliza nyumba kwa nyumba. Nilitoa taarifa kwa mtendaji wa kata, nikaomba itangazwe kanisani, nikawaambia watoto darasani wakaseme kwao. Hakuna aliyeliona.

Kwa miaka mingi, kila nilipokaribishwa kwa mtu nilitafuta kwa macho kabati lao kabla hata sijaketi. Nikiletewa chakula, nilinusa sahani kwanza. Wengine waliudhika, wakasema mwalimu ana maringo. Nilisikiliza tu kama kuna mtu chumba cha ndani analalamika kuumwa kichwa.