Kopo la Krimu na Uso wa Dada Ok-bun

Dada yangu Ok-bun amekuwa akiuza keki za samaki za supu kwenye soko la Wonju tangu mimi sijaolewa. Kutwa uso uko juu ya sufuria la mvuke, mgongo uko kwenye upepo wa barafu, na kila Desemba mashavu yake yanapasuka na kuwa mekundu. Wala halalamiki. Anajifuta kwa kitambaa na kuita wateja.

Kisha binti yake Se-rim, anayefanya kazi Seoul, akapata mchumba. Ikapangwa siku ya familia mbili kukutana mezani, na wiki hiyohiyo kikaja kifurushi kutoka kwake: chupa mbili za seramu ya kulainisha uso na kopo moja zito la krimu. Kwenye simu Se-rim alisema tu, "Mama, paka kila siku, usiache."

Dada akaketi chini. "Umeona, Ok-hui? Mtoto anaona haya. Hataki wakwe wauone uso huu."

"Kwani kasema hivyo?"

"Atasemaje, na mimi ni mama yake?"

Tangu hapo ikawa vurugu tupu. Ianze chupa ipi, ya majimaji au ya utelezi? Muuza mwani akasema anza na nzito. Muuza tofu akasema changanya zote kiganjani, mambo yaishe. Dada akapaka hivi, akapaka vile, kisha akalala kwenye sakafu yetu inayopashwa moto kwa chini, madirisha yamefungwa. Asubuhi ngozi inavuta kuliko jana.

"Napaka maji, nakauka! Hebu nieleze, mdogo wangu."

Nieleze nini, na mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanizunguka? Akaongeza matone. Pua ikaanza kubambuka.

"Na lile kopo je?"

"Liache hilo! Zuri namna ile nipake mimi? La kumpa mama wa kijana." Alikuwa ameshalifunga kwa kitambaa cha hariri, fundo limekaa sawasawa, kama zawadi za upande wa bibi harusi zinavyofungwa. Hata mimi ningefanya hivyo.

Jumamosi tukaingia mgahawani, mimi nikikalia nafasi ya marehemu shemeji. Mama wa kijana alikuwa mpole, uso laini mpaka nikakasirika. Dada alijificha nyuma ya kikombe cha chai, hamtazami mtu. Chakula kilipoletwa, akasukuma kifurushi chake kwa mikono miwili.

"Ni kidogo tu, mkwe wangu."

Kitambaa kikafunguliwa. Se-rim akaweka chini vijiti vyake vya kulia.

"Mama! Hii si ndiyo ya kufunikia juu ya seramu? Ulikuwa unapaka seramu peke yake, halafu unalala kwenye sakafu ya moto? Lazima ukauke!"

Dada akaziba mashavu kwa viganja. "Nilitaka uso uwe tayari kwa leo. Nimejitahidi, mwanangu, sijui nimekosea wapi. Nimekuaibisha."

"Leo? Leo inahusiana nini?" Se-rim alimkodolea macho, hajaelewa hata chembe. "Siku ile tunachachusha kabichi ya kimchi nilikuona unanawa. Maji yalipogusa mashavu ulifumba macho, ukauma meno. Ndiyo maana nikanunua. Uso ulikuwa unakuuma, Mama."

Dada akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamrudia tena.

"Kwa hiyo ningekuja tu na ule wa siku zote?"

Se-rim alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Mimi nikainamia bakuli langu. Mama wa kijana akachukua kipande cha samaki, akakitoa miiba taratibu, akakiweka juu ya wali wa dada.

"Kula, mkwe wangu," akasema. "Kinapoa."