Asali Ndani ya Shokapu

Mpaka leo nikisikia harufu ya oili ya pikipiki, ulimi wangu unaonja asali. Mtacheka, lakini nina sababu.

Nilikuwa na miaka minane, kwetu Ipole. Baba alikuwa mrina asali, na pikipiki yake ndiyo iliyobeba ndoo mpaka Sikonge. Shokapu za mbele zilikuwa zimechoka; kila shimo ulilisikia hadi kwenye meno. Jumamosi moja akarudi kutoka mjini Tabora na springi mpya, ngumu, pamoja na oili nzito ya shokapu aliyopimiwa kwenye chupa ya maji.

"Nataka ndoo zisirukeruke," alisema.

Mama alikuwa na mimba kubwa, na Jumatatu alitakiwa kliniki Sikonge. Usafiri ulikuwa huohuo mmoja.

Baba akaipandisha pikipiki juu ya mzinga mkuukuu, akatoa gurudumu, akachomoa shokapu na kumwaga oili chakavu, nyeusi tititi. Springi mpya zikaingia. Kisha akaniagiza: "Asha, niletee ile chupa ya kabatini."

Kabatini zilikuwamo mbili, zote rangi ya chai ya mkandaa. Nikabeba iliyokuwa mbele.

"Fundi hakunidanganya," Baba alisema akimimina taratibu. "Hii nzito kwelikweli!"

Alipomaliza kufunga, akaukandamiza usukani. Haukubonyea. Akaulalia kwa kifua, wapi! Nyuki wakaanza kuizunguka pikipiki, na Mama akatokea jikoni na kikombe cha uji, ameshikilia chupa ya pili.

"Baba Asha, asali gani hii inanuka pikipiki?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alinitazama, akawatazama nyuki, akacheka mpaka akakaa chini. Jumapili nzima tulisuuza mabomba yale kwa maji ya moto na kuyaanika juani, nyuki wakitusimamia. Oili ilipoingia, Baba alifunga ndoo ya maji isiyo na kifuniko kwenye siti ya nyuma, akauzunguka uwanja wa shule. Alirudi na suruali kavu. Nilishangilia kuliko wote.

Jumatatu Mama alikwenda na kurudi salama, na mdogo wangu akazaliwa baadaye, mnene, mpiga kelele.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikimtania Baba kwa kuipenda mno asali yake. Nilipobeba mimba yangu mwenyewe ndipo nilipokumbuka kwamba msimu ule ulikuwa umekwisha. Ndoo zilikuwa zimeoshwa na kufudikizwa uchanjani. Nyumbani ilibaki asali chupa moja tu, ya uji wa Mama. Jumatatu ile Baba hakuwa na ndoo hata moja ya kubeba; alikuwa na Mama tu.