Multiprise ya Internet

Hadi leo nikimsikia mtu wa Butembo akisema "connexion iko mubaya", damu hunichemka. Kwetu neno hilo, yaani mtandao, limebebeshwa makosa yote ya kompyuta. Printa ikigoma, ni connexion. Skrini ikikwama, ni connexion. Na katika polikliniki nilikopata kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza masomo ya informatique, neno hilo lilikaribia kumnyang'anya mama mmoja kiti chake.

Mama huyo alikuwa wa mapokezi. Alitafuta mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta yake, na mafaili yenyewe yalikaa kwenye serveri, chumba cha pili tu, nyuma ya ukuta. Kila asubuhi, watu waliotoka mbali, hata Mangina, wakiwa wamejaa kwenye benchi, skrini yake iliganda. Alibofya, akangoja, akabofya tena.

"Mama, unalala?" mzee mmoja alimuuliza.

"Hapana, papa. Mashini ndiyo inalala. Miye niko naichunga."

Watu walicheka. Msimamizi wetu hakucheka. Tulimwita AG, kifupi cha administrateur gestionnaire; alikuwa ametumwa kwetu kutoka jimbo lingine, na alipenda kuonekana mtu wa maamuzi. Alimpa mama onyo mbele ya wagonjwa: mwezi ukiisha bila mabadiliko, atahamia kufua mashuka. Kisha akanunua antena mpya ya satelaiti, ikapandishwa juu ya paa. Skrini ikaendelea kuganda. AG akakata shauri kwamba, kwa kuwa connexion sasa ni mpya, mbovu ni mama.

Nilikosa usingizi kwa hasira. Mafaili hayakutoka hata nje ya mlango, antena ingeyasaidia nini? Kati ya mapokezi, maabara, radiolojia na serveri palikuwa na kiboksi kizee cha kijivu ambacho wote walikiita multiprise ya internet, kwa sababu kilikuwa na matundu mengi kama multiprise ya umeme, ile ya kuchomekea plagi nyingi. Jina lake ni hub. Kilichoingia kwa tundu moja kilitupwa kwenye matundu yote, kama communiqués, yale matangazo ya baada ya misa: mbuzi wa mtu amepotea, na parokia nzima lazima isikilize. Wawili wakisema pamoja, wote wananyamaza na kuanza upya. Radiolojia ilipotuma picha moja tu ya kifua, nyumba nzima ilisimama. Switch, kifaa kipya zaidi kinachofanana nacho kwa sura, haifanyi hivyo. Inajua nani yuko nyuma ya tundu gani, inampelekea yeye peke yake, na wengine wanaendelea kuzungumza. Tena switch za leo zina mwendo mara mia ya kile kiboksi.

Niliyapanga maneno hayo kichwani hadi yakapoteza ladha, ndipo nikaingia kwa AG.

"AG, shida hapana connexion. Ni ile boîte ya kijivu."

"Multiprise? Taa zake zinawaka?"

"Zinawaka, mais..."

"Kama zinawaka, iko natumika. Ingénieur, nimekununulia antenne, sasa unataka na multiprise? Kesho utaomba na rallonge ya umeme."

Nilitoka. Labda nimeeleza vibaya. Labda nyaya ndizo mbovu. Nikazipima moja moja, zilikuwa nzima. Labda nitafukuzwa mimi kabla ya mama. Nikaenda depo kumuuliza mtunza bohari kama ana switch. Akasema kitu hicho hakijui.

"Na multiprise ya internet?"

"Hiyo iko. Mradi moja iliiacha. Chukua, inajaza place bure."

Ilikuwa switch, bado ndani ya nailoni yake. Mama alitukanwa muda wote huo, na dawa yake ililala kwenye rafu kwa kukosa jina.

Niliifunga mahali pa kile kiboksi mchana, wagonjwa walipopungua. Radiolojia ikituma picha, mama akabofya, na faili likafunguka kabla hajainua kidole. Akanitazama kana kwamba nimemfanyia mzaha.

Katika mkutano wa wafanyakazi AG aliisifu antena yake kwa mwendo mpya wa mapokezi. Kisha akamgeukia mama: "Na wewe, ile onyo ilikusaidia."

Mama aliinamisha macho. Mimi nikajikuta nimesimama. "AG, antenne haikumusaidia. Na onyo pia. Tuende kwa réception."

Walinifuata, nadhani kwa udadisi. Nilichomoa waya wa antena; mafaili yakafunguka vilevile, upesi. Nikarudisha kiboksi cha zamani, nikaomba radiolojia watume picha, nikamkalisha AG mwenyewe kwenye kiti. Akabofya. Akangoja. Akabofya tena, kwa nguvu.

"Bamutoshe huyu, bamuondoe pale," sauti ya mgonjwa mmoja mwanamke ikatoka kwenye benchi. "Hajue kazi. Barudishe mama."

AG aliinuka polepole.

"Na onyo?" nikauliza.

"Nimeiondoa."

"Mama asikie."

Akamtazama mama kwa mara ya kwanza. "Nimeiondoa, mama. Utabaki hapa."

Neno pole halikutoka, na nilikuwa nimelingoja. Nilirudisha switch mahali pake. Mama alipangusa kiti kwa kitambaa chake, akakaa, akafungua faili lililofuata, akamwita yule mwanamke wa kwenye benchi kwa jina lake.